Dirisha Lisilokuwamo Kwenye Mchoro

Mpendwa mshauri Bi Gudrun,

Naomba msaada wako kwa jambo dogo tu, na kama gazeti limejaa basi litupe, sitaudhika, maana mimi si mtu wa kulalamika. Ni jirani yangu Oda ndiye aliyenitilia kalamu mkononi akaniambia, “Rigmor, andika, au nitaandika mimi,” na Oda akiandika ataweka matusi.

Nina miaka themanini na nne, mjane, nakaa nje kidogo ya Roskilde kwenye nyumba ambayo marehemu mume wangu Holger aliijenga kwa mikono yake mwaka 1961, yeye alikuwa fundi mwashi, akaijenga na wenzake jioni na Jumamosi baada ya kazi za watu, mchoro ukatolewa na msanifu mmoja kijana aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka chuoni, nyumba ndefu isiyo na ghorofa, matofali ya manjano, paa bapa, vioo toka sakafuni mpaka darini upande wa bustani, milango ya mtiki, na sakafu ya mbao za msonobari ambayo nimeiosha kwa sabuni nyeupe kila Ijumaa kwa miaka sitini na zaidi, nikifuata mbao zinavyolala, si kuzikatiza. Siku hizi naambiwa nyumba za namna hii watu wanazigombania. Sisi tulipohamia, majirani walituuliza kama tunafungua kiwanda cha jibini.

Sasa tatizo. Si tatizo, ni jambo.

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa Februari, nilitoka asubuhi kumwaga chumvi kwenye kizingiti nikateleza kwenye barafu nikavunjika nyonga, nikalala pale chini karibu robo saa siwezi hata kugeuka, mpaka Oda akaja mbio na slipa zake. Alijuaje? Mimi na Oda tuna utaratibu wetu toka watoto wakiwa wadogo, jikoni kwangu kuna kidirisha juu ya sinki kinachotazama barabara, na jikoni kwake kipo kingine kinachotazama kwangu, asubuhi kila mmoja anapandisha pazia lake, na ikifika saa tatu pazia la mwenzako bado liko chini unavaa koti unakwenda. Siku ile nilikuwa sijapandisha. Saa tatu kamili Oda alikuwa barabarani.

Basi nikalazwa, kisha kituo cha mazoezi, kisha nyumbani kwa binti yangu Birgitte, jumla miezi mitano. Mume wa Birgitte, Flemming, si mtu mbaya, hanywi, hajawahi kunipandishia sauti, ila alipostaafu alikosa cha kufanya akaanza kupenda viti. Viti vya zamani. Ana viti kumi na kimoja na hakuna hata kimoja unachoweza kukikalia ukamaliza kahawa. Akasema, “Mama ukiwa huku, nitakutengenezea nyumba kidogo,” nikasema asante, si ndivyo mtu anavyosema? Akaenda ofisi ya manispaa akapekua kwenye majalada yao ya zamani akaupata mchoro wenyewe wa 1961, akaubandika ukutani ukumbini kwangu, na mpaka leo upo, akaanza kuing'oa nyumba yangu ili ifanane na ile karatasi.

Siku niliporudi na mkongojo wangu alinifungulia mlango, mikono ameitandaza, anang'aa uso mzima.

“Mama, karibu mwaka sitini na moja!”

Bi Gudrun, nisikufiche, kazi yake ni safi, ameniwekea taa nzuri, ameondoa dari ya ukumbini iliyokuwa imevimba, milango inang'aa. Lakini rafu za Holger hazipo, kishikio cha bafuni hakipo, karatasi ya ukutani niliyoichagua mwenyewe haipo, nikaingia jikoni, nikaenda kwenye sinki kama ninavyokwenda kila siku, nikainua mkono kushika kamba ya pazia, nikashika tofali.

“Flemming, dirisha langu liko wapi?”

“Halikuwapo, Mama.”

“Lilikuwapo asubuhi niliyoanguka.”

“Kwenye mchoro halipo. Nimeangalia mara tatu. Kuna mtu aliliongeza baadaye akaharibu ukuta wote. Huu ukuta ulitakiwa uwe mtupu, unaona ulivyotulia sasa?”

“Mtu huyo ni Holger.”

“Basi Baba alikosea kidogo,” akasema, tena kwa upole, akanishika bega. “Hata wanaojua hukosea.”

Mimi nikasema nini? Nikasema, “Umeujenga vizuri, Flemming.” Vumbi la saruji bado liko kwenye sinki yangu na mimi namwambia umeujenga vizuri! Nilitamani nimchape na ule mkongojo.

Tena si kweli kwamba liliongezwa baadaye. Nitakueleza lilivyokuja. Boriti za paa zilipopandishwa tulifanya karamu kama kila mjenzi anavyofanya, shada la majani juu, bia, soseji, wenzake Holger wanaimba, na mimi nina mimba ya Birgitte ya miezi saba nikasimama mahali jiko lingekuwa nikauliza, kwa sauti ndogo, sikuwa na nia ya kuharibu sherehe, “Holger, mimi nitakuwa nikiosha vyombo natazama tofali? Mtoto akienda barabarani nitamwonea wapi?” Yule msanifu alikuwepo, akasema ukuta mtupu ndio moyo wa mchoro wake. Holger akaweka chupa chini, akachukua nyundo, akabomoa palepale, na shati la sikukuu mwilini, watu wanapiga makofi. Msanifu akaondoka bila kula soseji. Kwa hiyo tulipohamia dirisha lilikuwapo. Nyumba haijawahi kuwa na ukuta ule hata siku moja. Flemming ameirudisha mahali ambapo haijawahi kuwa.

Lakini sikumwambia. Ningemwambia ningeonekana sina shukrani.

Hata sakafu alinifundisha kuosha. Mimi! Alisimama na karatasi yake akanisomea vijiko vingapi kwa ndoo, na nikaitikia kwa kichwa kama mtoto wa shule.

Basi nyumba ilipokwisha kupendeza Birgitte akaja na keki akakaa akazungusha kijiko kwenye kikombe mpaka kahawa ikapoa. “Mama, nyumba kubwa hii, na wewe peke yako, na ile nyonga. Mimi silali nikifikiria barafu. Kuna fleti za wazee zimefunguliwa, ghorofa ya tatu, kuna lifti, kuna watu. Wewe waonaje?” Nikamwambia, “Fanyeni mnavyoona, mimi msinihesabu.” Akanikumbatia, akalia, nami nikampigapiga mgongoni. Wiki iliyofuata dalali alikuja, kijana mwenye viatu vyeupe, Birgitte akaniwekea kidole mahali pa kutia saini, nikatia. Fleti nimekwenda kuiona. Dirisha la jiko linatazama mapipa ya taka.

Dalali akasema Jumapili ya watu kuja kuona nyumba ni bora mwenyewe asiwepo, maana wanunuzi hawajisikii huru. Haya. Wakachukua picha zangu, redio yangu, kiti changu cha mito, dawa zangu, hata taulo, wakavipakia kwenye kibanda cha gari, mezani wakaweka bakuli la malimau saba. Malimau saba, Bi Gudrun! Nani anakaa na malimau saba? Na Birgitte akaoka skonzi za hiliki kwa unga wangu, kwenye tanuri langu, si za kuliwa, ni za harufu. Dalali anasema harufu inauza. Mimi nikapelekwa kwa Oda.

Nikakaa jikoni kwa Oda, natazama kwangu. Watu kama arobaini waliingia, nusu yao ni wa mtaa huuhuu, nawajua, hawanunui chochote, wamekuja kuona kabati zangu ndani zikoje. Oda akawa anawataja mmoja mmoja na kila mmoja anampa neno lake.

“Wewe unakaa tu?” akaniuliza.

“Nifanyeje, nimeambiwa nisiwepo.”

“Na ulipojengewa uliambiwa usiwepo?”

Sijui nini kilinipata. Nikavaa koti nikavuka barabara, nikasimama kwenye foleni mlangoni pangu, nikapewa vile vifuko vya plastiki vya buluu vya kuvalia juu ya viatu ili nisichafue sakafu, nikavivaa, nikapewa kijitabu, nikaingia.

“Karibu sana, mama,” dalali akaniambia; hakunitambua, nilikuwa na kofia. “Unatafuta kitu kidogo zaidi, au?”

“Naangalia tu.”

“Angalia kwa raha zako. Sakafu hii ni ya asili, inaoshwa kwa sabuni kama walivyokuwa wakiosha watu wa zamani.”

Watu wa zamani! Nilikuwa nimeiosha Ijumaa.

Alikuwapo mama mmoja kijana, mtoto yuko mgongoni, akasimama jikoni mbele ya ule ukuta akamwambia mumewe, “Pazuri, ila pana giza, sivyo? Ungeosha vyombo unatazama nini?” Bi Gudrun! Yale yale niliyoyasema mimi. Dalali akaja haraka akamweleza kwamba ukuta mtupu ndio moyo wa mchoro, na yule binti akaona aibu akasema ndiyo, ndiyo, ameuona sasa. Nikachukua skonzi moja kwenye sinia nikaila pale pale nimesimama.

Flemming akanikuta naitafuna.

“Mama! Unafanya nini hapa?” ananong'ona. “Si tulikubaliana?”

“Naangalia nyumba.”

“Watu wanakutazama. Tafadhali. Na hizo si za kula.”

Na mimi, nimesimama jikoni kwangu, nimevaa plastiki miguuni, nikasema, “Samahani.” Nikatoka. Hilo neno linanichoma mpaka leo, siwezi kulimeza hata kwa chai.

Yule binti na mumewe wameipenda nyumba, wanainunua, ni watu wazuri kwa kuwaangalia. Natakiwa kutia saini Ijumaa hii saa nne asubuhi ofisini kwa dalali. Sasa ombi langu ni hili: kioo cha kidirisha changu na fremu yake Flemming hakuvitupa, vipo kibandani nyuma ya viti vyake. Je, ni adabu kuomba nivichukue kabla ya kutia saini, bila kuonekana naleta matata? Na pia ile skonzi, je, niombe radhi?

Nakushukuru, na usihangaike kama huna nafasi.

Rigmor Thorup


JIBU

Bi Rigmor,

Gazeti linatoka Jumatano na saini yako ni Ijumaa, kwa hiyo sina muda wa kukubembeleza. Pole kwa nyonga, pole kwa dirisha, na pole kwa malimau. Pole zimekwisha.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nikaitupa miwani mezani. Kuna neno moja nimelitafuta kuanzia juu mpaka chini, neno fupi ambalo mtoto wa miaka miwili analijua: “sitaki”. Halimo. Yamo “asante”, “haya”, “samahani”, yamo “fanyeni mnavyoona”, limo “umeujenga vizuri” ambalo limenipandisha presha, lakini “sitaki” halimo hata mara moja. Wewe umekasirika kuliko mwanamke yeyote aliyeniandikia mwaka huu, na watu wawili tu duniani ndio wanaojua: mimi na Oda.

Unaniuliza kuhusu kioo. Mwanamke anatolewa kwenye nyumba yake, naye anaomba ruhusa ya kuondoka na kioo! Hutaki kioo, Bi Rigmor. Kioo bila ukuta ni cha nini, utakiegemeza kwenye mapipa ya taka? Unataka jiko lako, sinki yako, barabara yako na Oda wako upande wa pili. Nimelisema mimi kwa niaba yako, na mbingu hazijaanguka.

Kwanza tuyaweke wazi ya karatasi, maana naona unadhani mambo yamekwisha. Nimemuuliza mwanasheria anayeandika ukurasa wa pili wa gazeti hili. Nyumba ni yako. Ile karatasi uliyotia saini Birgitte akikuonyesha kwa kidole inamruhusu dalali kutafuta mnunuzi, basi. Haijauza hata komeo la mlango. Hakuna binti, mkwe wala kijana wa viatu vyeupe anayeweza kuuza nyumba hiyo bila mkono wako, na mkono wako uko mwishoni mwa bega lako, hauko kwa Flemming.

Na kwa kuwa najua Flemming anasoma gazeti hili, niruhusu nimgeukie kidogo. Bwana mkubwa, haya ni makusudi au ni usingizi? Mwenye nyumba yuko hai! Amekaa mbele yako anakunywa kahawa! Ungemuuliza swali moja tu, “Mama, hili dirisha lilikujaje?”, angekueleza habari ya nyundo na shati la sikukuu, habari ambayo haimo kwenye jalada lolote la manispaa, nawe ungekuwa na hadithi ya kuwasimulia wenzako wa viti mpaka uzeeni. Ukaiuliza karatasi. Mtu ameishi ndani ya kuta hizo miaka sitini wewe unamwambia ukuta ulitakiwa uwe mtupu! Halafu unakwenda kumfundisha kuosha sakafu. Sakafu hiyo ni nyeupe kwa sababu ya magoti yake, si kwa sababu ya vijiko vyako. Na ulipomkuta jikoni kwake akila unga wake ukamwambia “si za kula”, je, masikio yako yalisikia mdomo wako? Yule msanifu angalau aliondoka bila soseji. Wewe ulitaka na skonzi zibaki.

Narudi kwako, Bi Rigmor, maana nisimalize hasira yote kwa mkwe nikakusahau.

Birgitte si mwizi wa nyumba. Usimfanye mwizi hata moyoni. Binti yako ana hofu. Mama yake alilala kwenye barafu hawezi kugeuka, na tangu siku ile kila theluji ikidondoka anakuona umelala chini. Alikuja na keki, akazungusha kijiko mpaka kahawa ikapoa, akakuuliza kwa mdomo wake, “Wewe waonaje?” Hapo ndipo nyumba ilipouzwa, wala si ofisini kwa dalali. Ulikuwa umepewa zamu ya kusema nawe ukaitupa. “Msinihesabu,” ukamwambia. Basi hawakukuhesabu. Ulitaka afanyeje, akufungue kichwa asome?

Nakuelewa, usidhani sikuelewi. Nina miaka sabini na sita, nimelelewa kulekule ulikolelewa, kwetu mgeni akikukanyaga unamwomba radhi kwa kuuweka mguu pale. Tulifundishwa kwamba mtu mwema hachukui nafasi. Mama yangu mzazi aliishi hivyo, na siku ya mwisho alikuwa hospitali kwenye kitanda kilicho karibu na mlango, penye baridi, kwa sababu muuguzi alimwuliza anataka cha dirishani akajibu, “Mpe mwingine.” Nina miaka thelathini na moja ya hasira na kile kitanda. Kwa hiyo usinichoshe na adabu.

Sasa fanya hivi.

Ukimaliza kusoma hapa, vuka barabara uende kwa Oda. Yeye awe Flemming, atamuigiza vizuri mno, namsikia mpaka huku. Atakuambia, “Mama, si tulikubaliana?” Wewe utamjibu: “Hatukukubaliana. Nyinyi mliamua, mimi nikanyamaza. Sasa nasema. Siuzi.” Rudia mpaka uweze kulitamka bila kuliwekea samahani mbele wala nyuma. Ukiweka samahani, Oda akurudishe mwanzo.

Kisha mwite Birgitte. Birgitte peke yake, hapo kwako, bila mume na bila keki. Mwambie umekosea kumwachia yeye mzigo wa kukuamulia. Hilo kweli umwombe radhi, ndiyo radhi pekee unayodaiwa na yeyote. Halafu mwulize swali: siku niliyoanguka, nani aliniona? Lifti iliniona? Oda ndiye aliyekuona, kwa sababu kulikuwa na dirisha la kutazamwa, na lile dirisha sasa ni tofali. Wamekuogopea barafu wakaziba jicho pekee lililokuwa likikulinda. Mpe muda alielewe. Atalia tena. Safari hii usimpigepige mgongoni, mwache amalize, kisha mwonyeshe utakachofanya kuhusu hofu yake, maana hofu yake ina haki: kishikio cha bafuni kirudi wiki hii, reli ya kushika iwekwe pande zote mbili za kizingiti, na ile kengele ya kuvaa mkononi uiombe kwa manispaa. Na chumvi ya asubuhi amwage Flemming. Amestaafu, hana kazi.

Dalali mpigie simu mwenyewe kesho Alhamisi, saa tatu, ukishatoka mlangoni ukaona Oda amepandisha pazia. Sentensi mbili: huuzi, na Ijumaa huji. Akikuletea karatasi ya gharama ya picha zake, lipa usibishane. Akikwambia wanunuzi watasikitika, mwambie ndiyo, watasikitika. Yule binti mwenye mtoto mgongoni ana akili, aliuona ukuta ule vizuri zaidi kwa dakika moja kuliko mkweo kwa miaka miwili, na atapata nyumba nyingine yenye mwanga. Tena mkaribishe kahawa siku moja. Mwambie alikuwa sahihi pale jikoni, asikubali tena kuona aibu kwa swali zuri. Hilo litamfaa maisha yote, na kwako lilichelewa miaka sitini.

Siku ikija ambayo wewe mwenyewe umechoka na nyumba, utaiuza. Utakuwa ndani, bila plastiki miguuni, umekaa kwenye kiti chako cha mito.

Kuhusu skonzi: kosa lako ni kula moja.

Mwisho ni Flemming, na hapa sikupi nafasi ya kuwa mwema. Mwambie ukuta ubomolewe na aubomoe yeye, kioo na fremu viko nyuma ya viti vyake. Atakuambia dirisha halimo kwenye mchoro, usibishane naye. Ule mchoro bado umebandikwa, mwambie aubandue autandaze mezani, sukuma malimau pembeni, chukua kalamu ileile aliyokupa Oda. Mahali pa sinki chora kisanduku kidogo, na kamba ya pazia uichore. Andika “1961”. Chini yake tia saini yako, jina zima, Rigmor Thorup, bila haraka. Wiki hii hutatia saini nyingine.

Gudrun